Kabla tonge halijafika mdomoni

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali au Bujumbura akikaribia Nyakanazi, wilayani Biharamulo, huwa ameshajua atakula nini kabla hajazima injini. Moshi wa nyama na harufu ya ndizi za kuchoma kando ya barabara vimeshamwamulia. Mate yanamjaa, njaa inamzidi, na ulimi bado haujaulizwa chochote.

Hata ungeulizwa, ulimi una machache ya kusema. Unatambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama ambayo mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliibainisha mwaka 1908 na kuiita umami. Mengine mengi tunayoyasifia mezani ni kazi ya pua. Tunapotafuna, mvuke wa chakula hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, ambako binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vya harufu. Wamarekani Linda Buck na Richard Axel, waliotangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, walitunukiwa Nobel mwaka 2004. Asiyeamini abane pua, kisha atafune ndizi mbivu. Atasikia utamu na ulaini tu; hatajua kama ni ndizi mpaka aachie pua. Waliougua UVIKO-19 wakapoteza uwezo wa kunusa hawahitaji jaribio hilo.

Macho nayo yana hila zake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na hao walikuwa wanasomea kazi hiyo!

Hapa Tanzania, jaribio la namna hiyo tulifanyiwa na uhaba wa chakula. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi iliagiza mahindi ya njano, na sembe yake mitaani ikaitwa Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo ya soka. Waliokula ugali ule wengi wao hawakuupenda, na wapo wanaoulalamikia hadi leo. Kwa lishe, mahindi ya njano yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kitu ambacho mahindi meupe hayana. Lakini nani angesikiliza habari za vitamini wakati jicho limeshakataa?

Udaga una kisa kinyume cha hicho. Muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa hadi uchachuke na kuota ukungu, ukungu ukakwanguliwa, kisha muhogo ukaanikwa na kusagwa. Njia hiyo hupunguza sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu. Ugali wake hutoka wa kijivu, wenye harufu kali. Mgeni aliyezoea sembe nyeupe huukunjia uso. Aliyelelewa nao Kanda ya Ziwa huuvuta karibu, hasa ukiwa na samaki, maana harufu ileile inayomfukuza mgeni kwake ni ya nyumbani.

Ndizi ndiyo ina wakaguzi wakali zaidi, hasa wilayani Ngara. Ikimenywa hutiwa majini upesi isije ikawa nyeusi. Hupikwa na maharage, sufuria ikafunikwa kwa majani ya mgomba yanayoachia harufu yao ndani ya mvuke. Inayotakiwa ni ya njano na laini, tena iliwe ya moto; ikipoa hukakamaa na rangi hufifia. Mpishi huitambua ndizi mbaya akifunua tu.

Ndiyo maana mkungu mkubwa peke yake hautoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa maendeleo ya jamii wa KCDP ulieneza mkoani Kagera migomba ya FHIA, iliyozalishwa Honduras. Inazaa mikungu mikubwa na inastahimili magonjwa kuliko mingi ya kienyeji. Shambani ilisifiwa, jikoni wengi walibaki na za kienyeji, na FHIA nyingi zikaivishwa au zikakamuliwa pombe. Kwa maoni yangu wakulima hawakuwa wakaidi. Walikuwa na kipimo ambacho mzani hauna. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilipata idhini ya aina nne chotara za TARIBAN, na safari hii wakulima walishirikishwa kuzitathmini.

Basi maofisa ugani wa Ngara na Biharamulo wanaopeleka miche mipya vijijini wapeleke na mkungu uliokomaa pamoja na sufuria. Ipikwe palepale, na wapishi wa kijiji waitazame, wainuse na waile ingali moto, kabla mtu hajaombwa kung'oa mgomba wake wa zamani.