Je, Wajua? Meza ya Msamaha

Je, wajua kwamba mgonjwa asiye na pesa huhitaji zaidi ya cheti cha rufaa? Akitoka Ilagala kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma, huhitaji pia barua ya kijiji inayosema hana kitu. Wa ng'ambo ya Kajeje huivusha Mto Malagarasi kwa kivuko, ikiwa imekunjwa mara nne. Msomaji wake si daktari, ni afisa ustawi wa jamii.

Je, wajua sera inasamehe nani? Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na waliotajwa kusamehewa ni pamoja na wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Kazi ngumu ni hawa wa katikati: mvuvi wa miaka 35, kifua kipana, nyavu zimekwenda na dhoruba. Huyu anajiweza au hajiwezi? Ndugu wamesimama mlangoni, mhasibu anaulizia mapato, na anayepaswa kujibu ni mtu mmoja.

Je, wajua meza hiyo ya msamaha ni ya zamani? Mwaka 1895 Mary Stewart aliajiriwa Hospitali ya Royal Free, London, achuje nani anastahili kutibiwa bure. Ustawi wa jamii wa hospitalini ulianzia hapo, kwenye kuchuja!

Je, wajua kulijua la haki na kuzuiwa kulitenda kuna jina? Dhiki ya kimaadili. Andrew Jameton aliieleza mwaka 1984 akiwazungumzia wauguzi, lakini humfika na afisa wa meza hii. Uchovu wa kawaida unalala nao ukaamka mzima. Hii unaamka nayo.

Je, wajua Shirika la Afya Duniani limesemaje? Mwaka 2019 liliorodhesha kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa kabisa kuwa jambo la kikazi, si ugonjwa. Kwa hiyo "nenda kapumzike" ya bosi haitoshi. Aangalie na rundo la mafaili.

Je, wajua Mei 2015, kipindupindu kikiwa kijijini Kagunga, meli ya MV Liemba ilisomba wakimbizi wa Burundi hadi Kigoma? Katika msafara kama huo daktari huuliza umeharisha mara ngapi. Wa ustawi humuuliza mtoto: mama mlipotezana wapi?

Je, wajua taaluma hii ina dawa yake? Ni kikao cha usimamizi: afisa humsimulia mwenzake mzoefu kesi iliyomkaa rohoni. Penye afisa mmoja tu, huyo mwenzake yuko wilaya nyingine, kwenye simu, na vocha ananunua mwenyewe.