Mikono Iliyosahau: Hatari za Kurejea Angani

Mji wa Iten, ulio juu ya Bonde la Kerio, huwavutia warukao kwa paraglaida, yaani bawa la kitambaa lisilo na injini. Adhuhuri, hewa iliyopashwa moto bondeni hupanda na kumwinua rubani. Hewa iyo hiyo ikichafuka, hulikunja bawa ghafla. Aliyezoea huegemea upande ulio wazi, akavuta breki kidogo tu. Aliyekaa mwaka mzima bila kuruka anaijua kanuni hiyo barabara, ila mikono yake, ikishtuka, huvuta kupita kiasi. Bawa hupoteza mwendo, huanguka. Karibu na mwamba, hapana nafasi ya kusahihisha kosa. Ajabu ni kwamba mwanagenzi huogopa. Huyu, akikumbuka umahiri wake wa jana, haogopi. Heri aanze kwa kulidhibiti bawa miguu ikiwa ardhini, kisha aruke asubuhi hewa ingali tulivu.