Jumamosi ya Mgeni Chunya

Mtu anapoajiriwa katika nchi ya mbali, anachojadiliana na mwajiri ni mshahara, nyumba, bima ya afya, nauli ya likizo na ada ya watoto. Siku za kazi hupangwa mpaka saa ya chai. Siku ya mapumziko haiulizwi na mtu. Nashikilia kwamba siku hiyo isiyoulizwa ndiyo inayoamua kama mgeni atadumu au ataondoka, na akidumu, kama atakuwa mtu wa pale au mpangaji anayehesabu miezi. Kazini watu hukutanishwa na ratiba, wapendane wasipendane. Jumamosi jioni hakuna anayelazimishwa kukaa na mwenzake, kwa hiyo anayekaa naye amemchagua. Chunya ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa sababu kwa miaka mia moja sasa wilaya hiyo imekuwa ikijengwa na watu waliotoka kwingine.

Dhahabu ya mto Lupa, wilayani Chunya, ilianza kuvuma mwaka 1922. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 ukiwa mlango wa machimbo hayo, na uchumi wa dunia ulipoyumba kuanzia mwaka 1929, mamia ya Wazungu waliokuwa wamekosa kazi kwingine walikuja kujaribu bahati zao. Maelfu ya vibarua Waafrika waliwafuata: Wanyakyusa na Wandali kutoka Rungwe, Wasafwa, Wanyiha, na wengine kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Wengi walivuka safu ya milima ya Mbeya kwa miguu. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na mchele wa Usangu ukapata soko la kudumu. Wote hao walikuwa wageni, na wote walikuwa na jioni zao na Jumapili zao. Lakini utawala wa kikoloni uliigawa starehe kwa rangi kama ulivyogawa hospitali na shule. Wazungu walikuwa na klabu zao na baa zao, Wahindi walikuwa na kumbi za jumuiya zao, Waafrika walikuwa na pombe na ngoma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam, na ndivyo ilivyokuwa popote penye bendera ya Uingereza katika Tanganyika.

Vibarua walijipangia nini? Hapa ndipo penye utajiri wa jambo hili. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi watu hao walivyothamini kula na kunywa pamoja na marika wao, kiasi kwamba vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Mtu aliyelelewa hivyo akifika Lupa alikuwa amepoteza meza yake. Ilimbidi aitengeneze upya pamoja na watu wasio rika lake, wasio ndugu zake na pengine wasioijua lugha yake. Moja ya njia ilikuwa ngoma. Beni na mganda, zilizoiga gwaride na bendi za askari, zilisambaa na wafanyakazi wahamaji pande zote za Ziwa Nyasa. Zilikuwa na vyeo, sare na mashindano, na vikundi vya namna hiyo vilitunza wagonjwa na kuzika wanachama. Njia nyingine ilikuwa utani. Katika Tanganyika, makabila yaliyokutana safarini, vitani au kazini yalijiwekea ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo ilikuja na wajibu: mtani ndiye aliyekuja msibani kushika kazi wakati wafiwa wamezidiwa. Mzaha wa siku ya mapumziko uligeuka kuwa bima ya siku ya kifo.

Dhahabu ya Lupa ilipopungua, na mgodi mkubwa wa Saza ulipofungwa mwaka 1956, klabu za Wazungu hazikuwa na mrithi. Wajukuu wa vibarua wako Chunya, Mbeya na Kyela mpaka leo. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba tofauti hii haikutokana na starehe: Mzungu aliondoka kwa sababu alikuwa na kwao pa kurudi, na kwa sababu ukoloni uliompa nafasi ulikuwa unakaribia kuisha. Nakubali kwamba hiyo ni sehemu kubwa ya sababu. Lakini haielezi yote. Wabaluchi wa Rujewa, bondeni Usangu, walikuja kutoka mbali tangu enzi za Wajerumani. Nao walikuwa na asili ya kurejea, lakini walikaa, wakalima, wakafanya biashara na kuzungumza na majirani kwa Kiswahili, na leo ni watu wa Mbarali. Asiye na mtu wa kumkumbuka jioni huondoka kirahisi zaidi kuliko mwenye watu watatu watakaomuuliza kesho yake, “Mbona jana hukuonekana?”

Nyanda za Juu Kusini zina mfano mwingine unaosikitisha. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Poland, waliokuwa wamehamishiwa kwa nguvu ndani ya Urusi ya Kisovieti na kutokea Iran, walipokewa Tanganyika, na baadhi yao wakawekwa kambini Ifunda, karibu na Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe. Walikuwa na shule zao, ibada zao na lugha yao. Februari 1950 meli ya General Langfitt, iliyotoka Mombasa, iliwafikisha zaidi ya elfu moja ya wakimbizi hao wa Afrika Mashariki Fremantle, magharibi mwa Australia, wakaanze ugeni mwingine. Miaka hiyo yote ya kuishi kati ya Wahehe na Wabena imeacha makaburi na kumbukumbu chache. Siwalaumu. Walikuwa watu waliojeruhiwa, na serikali ya kikoloni haikutaka Mzungu maskini akae mkeka mmoja na Mwafrika. Wataalamu wa China waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 nao waliishi kambini. Mchana walishika sururu pamoja na Watanzania, jambo ambalo wazee wa Makambako na Mbeya walilisifu, lakini jioni kila mmoja alirudi upande wake. Kambi huokoa muda na huleta usalama, na bei yake ni kwamba mgeni huondoka bila kujulikana.

Leo Chunya imechangamka tena. Makongolosi, Matundasi na Itumbi zimejaa wachimbaji wadogo kutoka Geita, Shinyanga na Singida, na tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, dhahabu ya mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, inauzwa hadharani mjini Chunya. Mgodi wa New Luika, ambao sasa uko katika mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016, ulianza kuzalisha mwaka 2012, na wataalamu wa madini huingia na kutoka eneo hili kwa zamu. Mgeni wa leo anaweza kuwa mjiolojia kutoka Perth, Australia. Anaweza pia kuwa kijana Msukuma mwenye karasha, au nesi kutoka Tanga aliyepangiwa kazi Lupatingatinga. Hoja yangu inawahusu wote watatu.

Waulize watu mgeni afanye nini mwisho wa juma, na wengi watakutajia mandhari. Ni kweli mandhari yapo. Barabara ya lami kutoka Mbeya kwenda Chunya hupanda mlima hadi mahali ambapo bonde la Usangu huonekana kama bahari kavu. Kuna ziwa Ngosi ndani ya kreta, Daraja la Mungu huko Kiwira, mchanga wa Matema kwenye Ziwa Nyasa, kimondo cha Mbozi, maua ya Kitulo iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kwa anayefika Iringa, nguzo za udongo na zana za mawe za Isimila. Ni vizuri kuviona. Lakini mtu anaweza kuvizungukia vyote ndani ya gari lililofungwa vioo, pamoja na wenzake watatu wa kambini, akarudi Jumapili usiku akiwa na picha mia mbili na hajui jina la mtu hata mmoja wa Mbeya. Mlima haurudishi salamu. Matembezi hujenga urafiki pale tu ambapo ndani ya gari kuna mwenyeji aliyealikwa kama rafiki, asiyelipwa kuwa dereva au kiongozi wa safari.

Tena mwisho wa juma wa watu wa Mbeya haupo sana kwenye matembezi. Jumamosi ni siku ya harusi na ya msiba. Kuna michango inayokusanywa kwenye makundi ya WhatsApp, kadi za mtu mmoja na za wawili, sherehe ya kumuaga binti, mazishi ambayo Wanyakyusa huyahudhuria kwa wingi usio wa kawaida. Jumapili asubuhi ni ya kanisa, na Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana kwaya na tarumbeta zinazohitaji watu wa mazoezi. Mchana ni mpira. Timu ya KenGold ya Chunya ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na ikashuka mwisho wa msimu huohuo, lakini kwa miezi ile ilimpa kila mkaaji wa wilaya, mzawa na mgeni, jambo moja la kubishania. Zikicheza Simba na Yanga, kibanda umiza chochote hupokea mwenye kiingilio bila kuuliza ametoka wapi. Mgeni anayesubiri kualikwa kwenye mandari atasubiri sana. Akichangia harusi ya mfanyakazi mwenzake na kuhudhuria, ameshaingia.

Kuna pingamizi la pesa, na ni zito. Mwenyeji hudhani kwamba mgeni, hasa Mzungu, ndiye mwenye mfuko, hivyo kila bili humwangukia. Baada ya miezi michache mgeni hajui tena nani rafiki na nani mteja, naye hujirudisha kambini. Tatizo hilo lipo, na kulificha ni kumdanganya msomaji. Lakini dawa yake wenyeji wanayo. Kimpumu, pombe ya Wanyakyusa, hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na desturi za kunywa pamoja zina zamu: leo kwako, kesho kwangu. Waaustralia nao hununua vinywaji kwa mzunguko, na anayeikwepa zamu yake huonekana mchoyo hata kama ni tajiri. Watu hawa wawili wakielezana wazi, watakuta wana desturi moja. Kinachoharibu ni kunyamaza: mwenyeji anaona aibu kusema “leo nalipa mimi” kwa sababu anacho kidogo, na mgeni anaona aibu kukubali soda ya mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wake. Akubali ile soda. Kumkatalia mtu nafasi ya kukukirimu ni kumwambia hamko sawa.

Pingamizi la pili ni kwamba mgeni anahitaji watu wake. Lugha ya kigeni huchosha, na kuna huzuni zisizotafsirika. Ni kweli, na Watanzania walioko Perth hufanya hivyohivyo: huchangishana, hupika pilau na kuchoma nyama kwenye viwanja vya umma, ambako halmashauri huweka majiko ya umeme ya bure. Sitawaambia waache. Wanaokuzika ndio jamaa zako, na ugenini jamaa ni anayejua kwenu. Ila watu wako wawe mahali pa kuanzia. Mtanzania aliyeishi Australia miaka kumi akila na Watanzania peke yao anafanya yaleyale ya klabu za Wazungu wa Lupa. Naye ajifunze desturi ya huko. Ukialikwa kwa Muaustralia, mara nyingi unatarajiwa kufika na sahani ya chakula au kinywaji chako, jambo ambalo Mswahili huliona kama uchoyo wa mwenyeji, kumbe ni njia yao ya kumfanya kila mtu awe mwenye shughuli.

Kuna pia suala la zamu. Mfanyakazi wa mgodi anayefanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, majuma kadhaa mfululizo, kisha anapelekwa uwanja wa ndege wa Songwe kusafiri, hana Jumamosi. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu nasema jukumu si lake peke yake. Makampuni yanayojua kupanga zamu yanajua pia kutoa gari la kwenda mjini mchana mmoja, kusajili timu ya wafanyakazi kwenye mashindano ya wilaya, na kumlipia mgeni mwalimu wa Kiswahili mwezi wa kwanza. Gharama zake ni ndogo ukilinganisha na kumtafuta mtaalamu mpya kila anapokata tamaa mmoja. Halmashauri nayo iulizwe: katika mji unaokusanya mapato ya dhahabu, uwanja wa mpira uko katika hali gani, na ukumbi ambao watu wa makabila thelathini wanaweza kukutana bila kununua bia uko wapi?

Kwa mwenyeji wa Chunya au Mbeya ninayo haja moja. Jumamosi hii, ukiwa na kadi ya harusi ya wawili na nafasi moja iko wazi, mpe yule mgeni wa ofisini kwenu ambaye hujawahi kumwona nje ya kazi. Mwambie atachangia kama wengine na atakaa meza ya wengine.