Mama, Watoto na Sigara

Tukimwona mwanamke amempakata mtoto huku anavuta sigara, wengi wetu humhukumu papo hapo. Twasema hana haya, tena hampendi mwanawe. Huko Uingereza mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii, mama Hilary Graham, aliona afadhali awaulize wavutaji wenyewe, na mwaka 1993 kilitoka kitabu chake juu ya wanawake, sigara na maisha ya dhiki.

Aligundua kwamba sigara imewashika zaidi akina mama wenye kipato kidogo wanaolea watoto wadogo, hasa wale wanaolea peke yao. Tangu asubuhi hadi usiku ni kulisha, kufua na kubembeleza. Mtoto akilia mpaka uvumilivu unakwisha, mama alimwacha chumbani, akafunga mlango, akavuta sigara moja, ndipo akarudi. Kwake hiyo ilikuwa njia ya kujizuia asimpige. Tena sigara hiyo pamoja na kikombe cha chai ndiyo nafasi pekee aliyopata ya kukaa kitako. (Na tuseme kweli, nani kati yetu asiyejua hamu ya kuwa peke yake dakika tano?)

Upande wa fedha ndio unaoshangaza. Akina mama hao walijinyima nguo, hata chakula, ili watoto washibe, lakini sigara hawakuiacha. Ilikuwa karibu kitu pekee walichojinunulia wao wenyewe.

Hatusemi kwamba sigara ni njema. Moshi wake hudhuru mapafu na masikio ya watoto, na mjamzito avutaye huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Hata ile raha, kwa sehemu kubwa, ni kutulizwa kwa kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Hivyo dhiki humsukuma mama kwenye sigara, nayo sigara hula fedha za unga.

Huku kwetu wanawake wavutao ni wachache, ingawa wako wanaotumia ugoro kimyakimya. Katika vikundi vyetu tumezoea kuchangia arusi na misiba. Basi tukimjua mama wa namna hii, tusianze na mahubiri. Jumamosi tuwachukue watoto wake kwa muda wa saa mbili, wacheze na wetu, naye alale.