Bunduki ya kiwanda inapiga sawasawa namna gani? Na je, itatulindia mashamba?

Ndugu na dada wanamemba,

Mwezi uliopita, ku mkutano wa koperative moja, kijana mmoja alituonyesha video ku telefone yake. Mkulima wa Marekani amelala chini nyuma ya bunduki, anafyatua, na kule mbali kabisa mnyama mdogo anaanguka. Yule kijana akauliza: "Agronome, simbiliki wanatumalizia muhogo. Kwa nini tusitoe pesa ya kisanduku tununue bunduki kama ile?" Wengi walipiga makofi. Niliomba muda ili nijibu vizuri. Jibu njo hili.

Ile bunduki ni ya kazi gani

Ku mbuga kubwa za katikati ya Marekani kuna mnyama wa mashimo, ndugu ya kindi, mwenye uzito wa kilo moja hivi. Anaishi kwa makundi makubwa na anakula majani ya ng'ombe. Upande wa mashariki kuna marmota, mkubwa kidogo, anayechimba mashimo ndani ya mashamba. Wote wawili wanatoka muchana, na mkulima anawaona kwa mbali.

Kwa kazi hiyo viwanda vinatengeneza bunduki za risasi ndogo na za mbio sana: risasi ya gramu 3 na nusu hivi, inayotoka kwa mwendo wa zaidi ya metre 1.000 kwa segonde. Watu wa mashindano ya kulenga shabaha nao wanatumia bunduki za jamaa hiyo.

Usahihi unapimwaje

Usahihi si kupiga katikati mara moja. Hata mtoto akitupa mawe kumi, moja litapata embe. Usahihi ni risasi nyingi kuanguka karibu karibu, bila mpigaji kubadilisha kitu.

Wao wanapima kwa pembe. Duara lina digri 360, na kila digri inagawanywa mara 60: kila kipande kinaitwa dakika moja. Ku metre 100, dakika moja ni santimetre 2,9. Ku metre 300 inakuwa santimetre 8,7, karibu upana wa yule mnyama mdogo. Kwa hiyo bunduki ya dakika moja inaweza kumupata kule. Bunduki ya dakika mbili inatawanya risasi ku santimetre 17, na nyingi zitapita pembeni. Lakini kwa mnyama mkubwa kama kulungu, dakika mbili zinatosha.

Kinachofanya bunduki ya kiwanda ipige sawa

Zamani, aliyetaka usahihi alipeleka bunduki kwa fundi na kulipa pesa nyingi. Viwanda vilisogea pole pole. Mwaka 1948 Remington ilitoa bunduki yenye mwili wa mviringo, kwa sababu chuma cha mviringo ni rahisi kuchonga ku mashini. Mwaka 1958 Savage ilianza kufunga mtutu kwa nati kubwa, ili mfanyakazi aurekebishe kwa kipimo kabla ya kukaza. Njia hizo mbili zilipunguza bei, na usahihi ukabaki. Kumbe kitu rahisi kilichopimwa vizuri kinaweza kushinda kitu cha bei kali.

Mambo makubwa ni haya:

- Mtutu. Tundu lake linyooke, na mdomo wake usiwe na kasoro. Mdomo ukigongwa upande mmoja, moshi unasukuma risasi pembeni inapotoka. Mtutu mnene unachelewa kupata moto na hautetemeki sana.
- Kitako. Mbao inavimba wakati wa mvua na kusukuma mtutu. Kwa hiyo wanaacha nafasi kati yao: wapigaji wanapima kwa kupitisha noti ya pesa chini ya mtutu. Noti ikikwama, kuna kasoro.
- Mahali pa kufyatulia. Pakiwa pagumu, kidole kinavuta bunduki yote.
- Risasi yenyewe. Bunduki moja inapenda risasi za aina hii, nyingine inazikataa.

Tena, bunduki mbili za siku moja, za mashini moja, hazilingani. Kisu kinachochonga mtutu wa kwanza kingali kikali. Kikifika ku mtutu wa mwisho kimeanza kuchoka. Anayenunua ananunua ile moja iliyo mkononi, hanunui jina.

Tatu si kumi

Hapa njo wengi wanadanganyika. Muuzaji anaonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana. Lakini risasi tatu zinaweza kukaribiana kwa bahati tu. Piga kumi, na duara linapanuka. Hilo njo duara la kweli.

Sisi tunajua jambo hilo kwa mbegu. Chukua mfuko wa maharagi ambao mbegu 60 tu kwa 100 zinaota. Ukijaribu mbegu tatu, karibu mara moja kwa kila tano zote tatu zitaota, na utasema mfuko ni mzuri kabisa. Kisha unapanda hekta nzima, na unalia. Ndiyo maana tunawaomba mujaribu mbegu 100.

Sasa, simbiliki wetu

Nirudi kwa yule kijana. Ile bunduki inafaa kule kwa sababu mbuga iko wazi, mnyama anatoka muchana, na nyuma yake kuna udongo wa kupokea risasi. Kwetu simbiliki anatembea usiku ndani ya matete. Hata bunduki ya nusu dakika haipigi kitu ambacho jicho halioni. Na risasi isiyopata kitu inaweza kuenda zaidi ya kilometre mbili. Ku mashamba yetu, ndani ya kilometre mbili kuna njia, kuna mto wa mama zetu kuchota maji, kuna masomo.

Tena sheria ya nchi yetu, tangu 1985, inakataza raia kuwa na silaha bila ruhusa ya serikali. Na munajua vizuri kuniliko: bunduki ikisikika ndani ya kijiji, inaita wengine wenye bunduki.

Kwa simbiliki fanyeni hivi: fyekeni matete ku ukingo wa shamba, metre tano au zaidi, kwa sababu anaogopa kupita mahali wazi. Fungeni uzio wa fito zilizobanana, muache milango midogo, na ku kila mlango muweke mtego. Lindeni kwa zamu wakati muhogo unakomaa. Nyama yake mutakula, na pesa itabaki ndani ya kisanduku.

Lakini swali la yule kijana lilikuwa zuri, na lina faida kwa kila kitu tutakachonunua. Muuzaji akileta pompe ya dawa, mashini ya kusaga ao mbegu, musitazame mara tatu za kwanza. Mumwambie: rudia mara kumi mbele yetu, kisha tuongee bei.

Agronome wenu