Si Mpiga Tarumbeta Aliyechelewa

Katika bendi za majeshi na za polisi, siku hizi si jambo la ajabu kumkuta koplo akirekodi nyimbo za kikosi kwa kompyuta, ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi ya ghala. Kazi hiyo twaisifu. Lakini mara nyingi husikika humo lawama isiyo ya haki: mpiga tarumbeta huambiwa kwamba hafuati ngoma, kwamba hana nidhamu ya mapigo, na pengine huondolewa na nafasi yake akapewa mwenzake, naye huyo mwenzake akachelewa vile vile. Sisi twasema kwamba kabla ya kumhukumu mtu, yapasa kwanza kuikagua mashine.

Kuchelewa kwa sauti ndugu wasomaji mnakujua tangu uwanja wa gwaride. Sauti husafiri hewani mita zipatazo 343 kwa sekunde. Hivyo askari aliye mita 34 nyuma ya ngoma kuu huisikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hii ndiyo sababu kiongozi wa bendi huinua fimbo, kwa kuwa jicho halicheleweshwi kama sikio. Ndani ya kompyuta mna uwanja wa namna hiyo, ila hauonekani.

Sauti iingiayo katika maikrofoni hukatwa na kadi ya sauti kuwa sampuli 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Kompyuta haizichukui moja moja. Huzikusanya kwanza katika bafa, yaani akiba ndogo, mfano wa lori lisiloondoka kambini mpaka lijae. Kwa kasi ya 44,100, bafa ya sampuli 1,024 hujaa kwa milisekunde 23. Sauti ikirudi kwenye hedifoni hupita bafa nyingine ya kutokea, na jumla hufika 46, mbali na muda wa kadi yenyewe. Ni kana kwamba mpigaji amesimama mita 16 kutoka tarumbeta yake mwenyewe! Bafa ikipunguzwa hadi sampuli 128, umbali huo huwa mita mbili tu. Tumeona watu wakinunua maikrofoni ya bei ghali ili kuuponya ugonjwa huu, nayo maikrofoni haihusiki hata kidogo.

Hata hivyo lori dogo hutaka safari nyingi. Kompyuta dhaifu ikishindwa kuzikamilisha kwa wakati, sauti hukatika na kutoa milio ya kupasuka. Hivyo basi, wakati wa kurekodi iwekwe bafa ya 128 au 256. Na wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayepiga chombo, irudishwe 1,024. Wengi huacha namba moja kwa kazi zote mbili, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Aidha, katika Windows yafaa kuchagua ASIO, njia iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, mwaka 1997, ambayo huiwezesha programu kuzungumza na kadi moja kwa moja pasipo kupitia kichanganya sauti cha Windows. Kadi isiyo na ASIO yake huweza kusaidiwa na ASIO4ALL, isiyouzwa. Watumiao Linux wanayo JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis, ndiye huyo aliyeanzisha pia programu ya Ardour. Tena, kadi nyingi za nje zina swichi ya kumsikilizisha mpigaji sauti yake kabla haijaingia kwenye kompyuta; kwa mashine kuukuu hakuna dawa bora kuliko hiyo.

Limebaki jambo moja lisahauliwalo. Mpigaji aweza kujisikia sawasawa, lakini rekodi yake ikapangwa nyuma ya ngoma. Programu ya Audacity, kwa mfano, huja na fidia ya milisekunde 130 iliyokadiriwa tu. Chukueni waya, unganisheni tundu la kutolea sauti na la kuingizia, rekodini mlio wa kipima mapigo, kisha pimeni tofauti kati ya mlio wa asili na uliorekodiwa. Tofauti hiyo ndiyo ya kurekebishia fidia. Kadi au bafa ikibadilishwa, kipimo kirudiwe.