Foleni Iliyofichika Ndani ya Ruta

Jioni ikifika Matasia, kaunti ya Kajiado, nyumba inayolipia Mbps 20 inaweza kushindwa kabisa na simu moja ya video. Kijana anapakia picha za harusi mtandaoni chumbani, na papo hapo sebuleni sauti inakatika na uso wa mtu unaganda. Mwenye nyumba anampigia fundi wa waifai, anashauriwa achukue kifurushi kikubwa zaidi. Nasema hivi kwa sababu inaniuma kuona watu wakilipa pesa bure: mara nyingi kasi inatosha. Tatizo ni foleni, na foleni hiyo hupangwa na kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachoamua pakiti ipi itoke na ipi isubiri.

Tupige hesabu. Data hukatwa pakiti, na iliyojaa ina takriban baiti 1,500. Kwa miaka mingi kerneli ya Linux, inayoendesha ruta nyingi za nyumbani, iliruhusu pakiti 1,000 zipange mstari kwenye mlango wa kutokea. Hizo ni biti milioni 12. Laini inayopakia kwa Mbps 5 itahitaji sekunde 2.4 kuzimaliza. Sasa neno "haloo" la mama anayeongea na mwanawe aliyeko Doha linaingia nyuma ya picha zote hizo.

Kwa nini mstari ujae? TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data, huongeza mwendo hadi pakiti ipotee, ndipo ipunguze. Utaratibu huo ulitokana na kazi ya Van Jacobson baada ya mtandao kukwama Oktoba 1986, pale mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu kilicho jirani yaliposhuka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Baadaye kumbukumbu ikawa ya bei nafuu, watengenezaji wakaijaza kwenye vifaa. Pakiti hazikupotea tena kwa wakati. Zilirundikana tu, na TCP ikaendelea kusukuma ikidhani njia ni nyeupe.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyo huyo Jacobson walileta CoDel, kanuni ya kusimamia foleni. Badala ya kuhesabu pakiti ngapi zinasubiri, hupima kila moja imesubiri muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, huanza kutupa pakiti, na mtumaji anapata habari mapema. Eric Dumazet akaiunganisha na ugawaji wa mistari: fq_codel, iliyoingia kwenye Linux 3.5 mwaka huo huo, ina mistari 1,024, hivyo simu ya mama hupata mstari wake na haizibwi na picha.

Watoa huduma wadogo wa Kenya wanaorusha intaneti kutoka paa hadi paa hutumia sana vifaa vya MikroTik. Mfumo endeshi wa vifaa hivyo, RouterOS 7, uliotolewa rasmi Desemba 2021, una fq_codel na ndugu yake CAKE. Zana hizo zimo tayari, ila lazima mtu aziwashe. Na kuongeza uwezo hakuendelei milele: Novemba 2024 Starlink, inayotoa intaneti ya setilaiti, ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo, kwa kuwa nafasi ilijaa.

Jipime mwenyewe. Anzisha ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwenye kompyuta, iache iendelee, kisha pakia video kubwa. Namba zikiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia, foleni ndiyo hiyo. Mwambie fundi awashe fq_codel au CAKE na aweke kikomo cha mwendo chini kidogo ya kile laini inachotoa kweli, tuseme asilimia 90, ili mstari uundwe kwenye ruta yako unayoidhibiti, usiundwe kwenye kifaa cha mbele usichokifikia. Ruta za bei nafuu zina prosesa dhaifu, na kwenye laini ya mamia ya Mbps zinaweza kuelemewa na kazi hiyo. Kwa Mbps 20 nyingi zinaimudu.